Pasipoti Hailipi Karo

Jericho, Nairobi
Februari 2026

Mjukuu wangu mpendwa,

Sisi hatujambo, nyanya yako goti linamsumbua, lakini Jumapili alifika kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Hongera tena kwa B+ yako.

Ninakuandikia kwa sababu habari zako nimezisikia kwa jirani wa mama yako huko Umoja, wala si kwako. Naambiwa Septemba unakwenda kwa shangazi yako Luton, umepata nafasi ya kusoma uhandisi, na ploti ya Ruai inatafutiwa mnunuzi ili ulipiwe karo ya mwaka wa kwanza. Naambiwa pia sababu yake: ati kwa kuwa ulizaliwa kule na una pasipoti ya Uingereza, utalipa kama mgeni mwaka mmoja tu, kisha watakuhesabu mwenyeji na serikali yao ikukopeshe karo ya miaka iliyobaki. Nani alikwambia hayo? Upande wa baba yako haujawahi kulipa karo yako hata muhula mmoja, tangu chekechea. Leo ndio wamekuwa mabingwa wa karo?

Mimi nilikuwa karani wa mishahara wa Reli, tangu siku za East African Railways mpaka jumuiya ilipovunjika 1977 na miaka mingi baada ya hapo. Karatasi yenye herufi ndogo hainitishi. Nilimwomba binti wa jirani anichapishie masharti ya karo ya Uingereza, nikayasoma yote.

Pasipoti peke yake haitoshi. Haki ya kuishi kule bila kikomo ni lazima uwe nayo, na hiyo unayo. Lakini wanauliza pia ulikuwa ukiishi wapi miaka mitatu kamili kabla ya siku ya kwanza ya mwaka wako wa kwanza wa masomo, na kwa kozi zinazoanza kati ya Agosti na Desemba siku hiyo huhesabiwa 1 Septemba. Wewe miaka hiyo yote ulikuwa Umoja, ukidandia matatu kwenda shule. Mama yako alikuleta hapa hujaanza hata kutamka jina lako vizuri. Kwa hiyo mbele ya vyuo vyao wewe ni mgeni, sawa na kijana wa Kayole ambaye hajawahi kuona ndege kwa karibu. Kwa mwaka wa masomo ulioanza 2025, mwenyeji wa England hadaiwi zaidi ya pauni 9,535. Karo ya mgeni haina kikomo, kila chuo hujipangia, na kwa uhandisi vyuo vingi hupita pauni 20,000 kwa mwaka. Mkopo wa serikali yao nao unafuata miaka hiyohiyo mitatu.

Lililo baya zaidi ni hili, na nataka ulisome mara ya pili: miaka hiyo huhesabiwa kabla ya kuanza kozi, si baada ya kuanza. Ukiingia darasani kama mgeni, utalipa kama mgeni mpaka mwisho. Huo mwaka mmoja unaoambiwa haupo. Ploti ya Ruai italiwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili utauza nini?

Tumeshawahi kuuza, mjukuu wangu. Babu yako mdogo, huyu mnayemjua kwa redio yake na ukimya wake, alipata nafasi ya uhandisi katika chuo kimoja cha Uingereza mwaka 1980. Siku zile mitaa hii ilikuwa bado inasimulia ndege ya Tom Mboya ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na kila mzazi alimwona mwanawe akipanda ngazi zake. Watu walisahau kwamba wale walikuwa na ufadhili. Tukaitisha harambee katika ukumbi wa Kaloleni. Wenzangu wa Reli walitoa, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walitoa, wajane wa Makongeni walifungua pindo za leso. Baba yetu aliuza ng'ombe. Hesabu tuliipiga kwa karo waliyolipa waliotangulia.

Hatukujua kwamba mwaka 1979 serikali mpya ya Margaret Thatcher ilikuwa imeamua kuwa mgeni anayeanza masomo 1980 alipe gharama yote bila ruzuku. Tofauti ya mgeni na mwenyeji ilikuwepo tangu 1967, ila mgeni alikuwa bado anabebwa. Sasa kiwango cha chini kikawa pauni 2,000 kwa masomo ya sanaa, 3,000 kwa sayansi, 5,000 kwa udaktari. Fedha za Kaloleni zilikwisha mwaka wa kwanza.

Hapo ndipo alipopata washauri kama wako. Wakamwambia akae tu. Miaka mitatu ikitimia ataomba upya kama mwenyeji. Akaacha uhandisi, akawa anajiandikisha kozi ndogondogo ili kibali chake kisikatike, na usiku akipakia mizigo ghalani. Desemba 1982 majaji wa ngazi ya juu kabisa kule wakaamua kesi ya Shah dhidi ya halmashauri ya Barnet: kwamba aliyeingia kihalali kwa ajili ya masomo anaweza kuhesabiwa mkaazi wa kawaida, kwa kuwa masomo nayo ni sababu ya mtu kuishi mahali. Barua yake ya Januari ilijaa furaha. Mama yetu aliipeleka nyumba kwa nyumba. Mwaka haukwisha. Ndani ya 1983 serikali ilibadilisha kanuni, miaka ambayo mtu ameishi kule hasa kwa ajili ya masomo isihesabiwe. Kanuni hiyo ipo mpaka leo.

Alirudi 1984 bila cheti. Hakuna aliyemdai shilingi yake, lakini aliacha kupita mbele ya ukumbi wa Kaloleni. Alizunguka kwa nyuma hata mvua ikinyesha. Deni la tiketi yake nililipa mimi kutoka mshahara wa karani, na katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuniambia asante. Ploti ya Ruai niliinunua kwa mshahara huohuo.

Hapa kwetu hesabu ni nyingine. KUCCPS wanaogawa nafasi za vyuo na HELB wanaokopesha karo wanauliza uraia, na wewe ni raia. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inakutambua kwa sababu mama yako ni raia, ingawa ulizaliwa nje, na kifungu cha 16 kinamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine pia. Unajua hiyo ni neema kiasi gani? Eastleigh, si mbali na hapa, wako vijana wenye alama kama zako waliozaliwa hapahapa Pumwani, ambao wamesumbuliwa kwa maswali juu ya babu wa babu zao kabla ya kupewa kitambulisho, huku wenzao wakiendelea na masomo. Wewe mlango uko wazi, na unataka kuupita bila hata kuchungulia ndani.

Sikukatazi Uingereza. Kama moyo wako uko huko, nenda ukafanye kazi kwanza. Pasipoti yako inakuruhusu kuajiriwa tangu siku unayotua. Ukifika kabla ya 1 Septemba 2026, ukaishi kule kweli, ukatunza hati za mshahara, za kodi ya nyumba na za benki, mwaka 2029 utaomba kama mwenyeji na mkopo wao utakuwa halali yako. Lakini usianze kozi Septemba hii kwa fedha za ploti.

Pasipoti yako usimpe shangazi akuwekee. Yule rafiki yako wa kubeti, achana naye. Mpigie mama yako simu kila jioni. Presha imempanda na hakuambii.

Hati ya Ruai iko kwangu, na sitaitia sahihi kwa karo ya mgeni. Njoo Jumamosi na barua ya chuo, tuutafute pamoja mstari unaosema wamekuweka kundi gani. Na KUCCPS wakifungua maombi, omba siku hiyohiyo.

Ni mimi babu yako