Pete Iliyoshinda Msumeno

Wengi wenu mliniona muhula uliopita nikitembea na mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kujibu swali, nanyi mkacheka. Leo nitawaeleza sababu yake.

Marehemu baba yangu aliacha pete nyeusi, ndogo lakini nzito ajabu. Mama aliiweka katika kisanduku cha bati pamoja na saa yake na leseni yake ya udereva. Siku ya kurudi shuleni niliichukua bila ya kuomba. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kitu cha baba kiwe karibu nami. Kwa kuwa sheria za shule zinakataza mapambo, nikawa naivaa usiku tu, nikiwa kitandani.

Jumamosi moja niliisahau kidoleni, nikaenda uwanjani kudaka mpira. Shuti moja kali likanipiga vidole. Hata ilipofika jioni, kidole cha pete kilikuwa kimevimba kama ndizi, na pete imezama nyamani. Kwa kuogopa adhabu nikanyamaza. Usiku kucha sikupata usingizi. Alfajiri ukucha ulikuwa umebadilika rangi na ncha ya kidole inaanza kufa ganzi. Hapo hofu ya adhabu ikanitoka, ikaingia hofu nyingine. Nikakimbilia zahanati ya shule.

Mwuguzi hakunigombeza. Aliuinua mkono wangu juu ili damu ishuke, akautia katika maji baridi, kisha akapaka sabuni. Pete haikusogea. Akachukua uzi, akapenyeza ncha moja chini ya pete, na uzi uliobaki akauzungusha kidoleni kwa kuubana, kuanzia penye pete mpaka kupita kiungo. Kisha akaanza kuufungua kwa ile ncha iliyo chini ya pete, ili pete ipande juu ya uzi kidogo kidogo. Njia hii huondoa pete nyingi, lakini uvimbe wangu ulikuwa umezidi. Mwisho akatoa kisumeno cha kukatia pete. Akakata mpaka jasho likamtoka. Pete haikupata hata mkwaruzo. Meno ya msumeno ndiyo yaliyokwisha.

Akaitwa mwalimu wetu wa fizikia. Akaniuliza, "Ndani ya pete hii pameandikwa nini?" Nikakumbuka kwamba pana jina la tungsteni. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi msumeno hauna kazi hapa. Hii ni karbidi ya tungsteni. Katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ina 10, hii ina kama 9, na chuma cha pua hakiifikii. Hata kile kijipira kilicho nchani mwa kalamu yako ya wino mara nyingi hutengenezwa kwa kitu hiki. Lakini kigumu si kisichovunjika. Kioo ni kigumu, nacho hupasuka. Pete hii haiwezi kupindika. Ikibanwa sana hupasuka."

Nikamsihi asiivunje, nikamwambia ni ya nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, pete ni ya baba yako, na kidole hiki pia ni cha baba yako. Chagua." Nikatoa mkono.

Walinivalisha miwani ya maabara, nao wakavaa yao, kwa maana vipande huweza kuruka. Mwalimu alileta koleo la kubana, lile lenye skrubu mkiani, akalirekebisha mpaka taya zake zikaigusa pete tu. Akalifungua, akakaza skrubu kidogo sana, akabana tena. Kila mara alifungua, akakaza kidogo, akabana, huku mwuguzi akiniuliza kama naumia. Sikuumia, kwa kuwa pete haikubonyea kuelekea kidoleni. Safari ya tano au ya sita tukasikia "ta!" kama kijiti kikavu. Pete ilikuwa vipande viwili. Kidole kikaanza kuwaka moto, na mwuguzi akasema huo ndio uzima unaorudi. Hospitali walinipiga picha, mfupa ukaonekana mzima.

Mwalimu alinionya nisije nikafanya hivyo kwa pete yoyote. Dhahabu, fedha na chuma hupindika. Ukizibana kwa koleo zitakiponda kidole, kwa hiyo hizo hukatwa. Titani nayo hukatwa, polepole, tena kwa kupozwa kwa maji kwa sababu hupata moto. Na mtu akiona kidole kimekuwa baridi, kimebadilika rangi au kimekufa ganzi, asingoje kukuche. Aende kwa mganga saa ile ile.

Kazi ngumu kuliko zote ilibaki likizo. Nilimwekea mama vile vipande viwili mezani, nikamweleza yote. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba yako angalikuwapo, angaliivunja mwenyewe. Lakini ungaliniomba, ningalikupa saa." Akavirudisha kisandukuni.

Ndugu zangu wanafunzi, pete niliichukua kwa siri, na maumivu nikayaficha kwa siri. Mficha uchi hazai. Laiti ningalisema jioni ile, huenda sabuni na uzi vingalitosha, na pete ya baba ingalikuwa nzima mpaka leo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu