Gari la Jirani na Mashine ya Polishi



Ndugu wapenzi, wazazi na vijana wetu, leo tunaliacha kidogo somo la malezi. Baadhi ya wazazi walituona Jumamosi tukiwa na mashine mkononi, wakatuuliza ni ipi inayofaa kupakia gari nta. Tutajibu inshaallah, ila kwanza tukiri namna tulivyojifunza.

Vumbi la Carama mnalijua. Kiangazi, gari likioshwa alfajiri, adhuhuri limeshavaa kanzu mpya. Miaka michache iliyopita tulikuwa na harusi ya mpwa wetu, na jirani yetu, mzee wa heshima, akatuazima Toyota yake ya buluu kumletea bibi harusi. Ilikuwa nzima, ila rangi imefifia kwa jua. Tukaona tumrudishie ikiwa inang'aa, ndiyo iwe shukrani yetu. Hatukumuuliza.

Kijana mmoja akaleta grinda ya kukatia chuma kutoka gereji moja Buyenzi, amefunga sponji mahali pa diski. Grinda ndogo ya aina hiyo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi huanzia mara 600 hivi na mara nyingi haizidi 3,000. Hesabu hiyo hatukuwa nayo. Tulianzia ukingo wa boneti, na kabla mtu hajamaliza kusoma Fatiha, harufu ya kuungua ikatupanda puani. Tulipoinua sponji, pana doa jeupe la ukubwa wa kiganja.

Vijana wakashauri tupake rangi ya dukani tunyamaze, mzee macho yake hayaoni vizuri. Tunasema kweli, ndugu zetu, ushauri ule ulitupendeza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha tukakumbuka kwamba wiki ileile tulikuwa tumewasomesha watoto mlango wa kuazima: kwa madhehebu ya Shafii, kilichoazimwa kikiharibika mikononi mwako nje ya matumizi uliyoruhusiwa, dhamana ni juu yako. Tuliruhusiwa kubeba bibi harusi. Hatukuruhusiwa kusugua.

Baada ya Isha tukaenda kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Ustadh, wajukuu zangu unawafundisha amana. Leo umekuja kunionyesha na mimi." Tukacheka, lakini hakutusamehe deni, na alikuwa na haki. Fundi wa rangi tulimlipa kwa miezi mitatu, na nyumbani nyama ilipungua. Mama watoto hakulalamika, ila kila akipita karibu na boneti ile alikohoa.

Sasa jibu lenu. Mashine ni za aina mbili. Ya kwanza sponji lake huzunguka mahali pamoja tu. Ina nguvu, mafundi wazoefu huipenda, lakini joto hujikusanya na huunguza upesi. Ya pili sponji huzunguka huku likiyumba, kama mkono wa mtu anayesugua sufuria. Hiyo ndiyo ya mtu wa nyumbani, na ndiyo tuliyonunua kwa kuchangiana na ndugu wawili. Angalieni pia kibandiko cha umeme: jamaa zetu walioko Marekani hutuma mashine za volti 120, na umeme wetu ni 220. Ukiichomeka hivihivi bila transfoma, umeizika.

Msichanganye nta na dawa ya kukwangua. Nta hulinda na kung'arisha, haiondoi mikwaruzo. Dawa ya kukwangua hula vanishi, na kilicholiwa hakirudi. Rangi yote ya kiwandani, pamoja na vanishi yake, mara nyingi ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani karatasi ya daftari au zaidi kidogo, na kwenye kingo huwa nyembamba zaidi. Gari lililopakwa upya mtaani huwezi kujua unene wake. Paka dawa kidogo kwa kitambaa cheupe mahali pa kujificha: kitambaa kikitoka na rangi ya gari, huenda halina vanishi juu.

Osha gari kwanza, likauke, liwe kivulini na bati liwe baridi. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo na plastiki nyeusi. Weka nta kidogo, gusisha sponji kwenye bati kabla ya kuwasha, mwendo wa chini, sponji lilale sawasawa, na mkono usisimame. Fanya eneo la nusu mita, kisha lifuate jingine. Nta ikishakuwa kama ukungu, ifute kwa kitambaa laini. Waya upite begani, usiburuzike juu ya gari. Sponji likianguka chini, hata mara moja, lisirudi kwenye rangi kabla ya kuoshwa, kwani mchanga wake utachora gari zima. Hapa ndipo vijana hubishana nasi.

Mzee alituita mwaka huu, siku chache kabla ya Idi, tumpakie nta gari lilelile. Jua la alasiri likilipiga kwa upande, kile kiraka cha boneti bado kinaonekana. Alileta kiti, akakaa karibu na ukingo ule, akatuangalia hadi tulipozima mashine.