Kile kibanio cha kidoleni hakinyonyi damu

Wiki iliyopita, baada ya kipindi chetu cha afya, mama mmoja wa Kasenga alinipigia simu. Aliongea polepole kama mtu anayeona haya: "Ndugu mwandishi, kile kibanio wanachobana mgonjwa kwenye kidole, ni kweli kinanyonya damu? Maana mgonjwa akishabanwa, hakawii kufa."

Sikumcheka. Swali hilo mimi mwenyewe nililibeba usiku mzima, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya kitanda cha mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa ana tansio ya miaka mingi (ndugu zetu wa Kigoma wanaiita presha), na wakati ule moyo ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu imevimba, kulala chali hawezi. Katika hopitali tuliyompeleka walimwunganisha na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa na kioo kama televisheni ndogo: nyaya zimebandikwa kifuani, kitambaa kimefungwa mkononi na kinajijaza upepo chenyewe, na kibanio chenye taa nyekundu kiko kidoleni. Ya pili ilikuwa ile inayochuja hewa ya chumbani na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mipira ya puani. Kwangu zote zilikuwa "mashine" tu. Hakuna aliyenieleza kwamba moja inasaidia na nyingine inasema.

Saa nane za usiku kuran ikakatika. Mashine ya oksijeni ikanyamaza palepale. Ile ya kioo ina betri ndani, kwa hiyo ikabaki inawaka peke yake gizani. Namba iliyokuwa 94 ikawa 91, ikawa 88, ikawa 85, na kelele ikaanza. Ng'ambo ya chumba kijana mmoja aliyekuwa akimlinda baba yake alichomoa kibanio cha mzee wake, akasema, "Hii ndiyo inamaliza watu." Nami nikanyoosha mkono nichomoe cha mama mkubwa.

Muuguzi akaingia mbio na tochi ya simu, akanishika mkono. "Usiitoe, kaka. Hiyo ndiyo imeniita."

Alikuwa peke yake kwa wagonjwa wa jengo zima. Jenereta haikuwa na mafuta, na nani alipaswa kuyanunua, mpaka leo sijajibiwa. Tulikwenda naye tukaviringisha chupa kubwa ya oksijeni kutoka mwisho wa baraza, tukaifunga. Namba ikapanda polepole: 87, 90, 93. Kisha muuguzi akaenda kwa yule mzee mwingine, akamrudishia kibanio chake, akamkemea kijana kwa upole.

Asubuhi, chai mkononi, alinieleza. Kibanio kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye nyama ya kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazimezi mwanga kwa namna moja, basi mashine inalinganisha na kutoa namba. Hakuna sindano, hakuna kinachotoka mwilini. Mtu mzima wa afya njema yuko 95 na kuendelea. Ikiteremka chini ya 90, ni hatari. Mwenye wazo hilo alikuwa Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo mara nyingi daktari alipaswa kuchota damu kwenye mshipa na kuipima, au kungoja midomo ya mgonjwa igeuke rangi. Akaongeza kwamba kidole chenye baridi, hina au rangi ya kucha huidanganya mashine, na kwamba mara nyingi kelele ni kibanio kimeteleza tu. Ndiyo maana yeye kwanza anamtazama mgonjwa usoni, kisha kioo.

Mama wa Kasenga alikuwa na swali la pili: kuran ikikatika je? Nilimwambia siku ile ile mgonjwa anapolazwa, kabla ya giza, aulize chupa ya oksijeni iko wapi na nani ana ufunguo wa chumba chake. Mimi sikuuliza.

Siku ya kutoka, muuguzi alitununulia daftari la shule la kurasa chache, akaandika tansio ya mama mkubwa, majina ya dawa na saa za kunywa. Tangu hapo kila akipimwa tunaandika. Niliona ni kazi ya bure.

Desemba 2025 vita vilipoingia Uvira, tulivuka Kavimvira kwenda Gatumba, baadaye tukapelekwa Busuma. Mnajua wenyewe mlivyotoka: sufuria moja, kitenge, watoto. Mama mkubwa alibeba daftari ndani ya kimfuko cha plastiki, kifuani. Kwenye hema la matibabu hapakuwa na mashine ya kioo. Kulikuwa na kipimo cha tansio cha kupampu kwa mkono na kibanio kidogo cha betri, basi. Muuguzi akasema, "190 kwa 110." Mama mkubwa akashtuka, maana huku kwetu amezoea kuambiwa "15 kwa 9". Ni hesabu ile ile, wengine wanaongeza sifuri: 15 ni 150, na 19 yake ilikuwa 190. Muuguzi akafungua daftari, akaona kawaida yake, akaona dawa aliyoikosa siku sita, akajua pa kuanzia.

Nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja wa Sange. Naye ni mtu wa tansio. Alipoulizwa anakunywa dawa gani alisema, "Nyeupe, ndogo, ya asubuhi." Muuguzi alimtajia majina matatu, manne. Mzee akatikisa kichwa kwa kila moja. Ilibidi waanze naye upya, kipimo leo, kipimo kesho, kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Nilichana ukurasa kwenye daftari la mama mkubwa nikamwandikia namba zake za siku ile. Aliukunja mara nne, akauweka pamoja na kadi yake ya uchaguzi, kisha akaniuliza kama nina ukurasa mwingine wa mke wake.