Vidonge vya Magoti
Magoti yalipomzidi, bibi mmoja wa Tanga alinunua duka la dawa vidonge vyenye parasetamo na klozoksazoni, dawa ya kulegeza misuli. Akapata nafuu. Kichwa kikiuma, aliongeza Panadol mbili, asijue kuwa nayo ni parasetamo ileile, ambayo ikizidi huweza kuharibu ini.

Mchana mmoja binti yake alirudi akamkuta amelala fofofo, mjukuu akicheza karibu na jiko la mkaa.

"Mama, umemeza dawa gani?"

"Za magoti tu, mwanangu."

Dawa hizo huleta usingizi. Walibeba pakiti zote mbili hadi kituo cha afya. Tabibu alimkataza kuzichanganya, akayapima magoti yenyewe. Siku hizi bibi akimeza kidonge, mjukuu hushinda kwa jirani.