Saa Tisa za Usiku, Mbwa Anaomba Atolewe Nje

BARUA KUTOKA MINNESOTA

Katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, Wakenya ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kununua unga wa ugali, kusukwa nywele na kwenda ibada ya Kiswahili bila kuvuka mto Mississippi. Wengi wanafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, na zamu ya usiku wameizoea. Jambo ambalo baadhi yao hawakulizoea ni kuamka usiku wa manane kwa ajili ya mbwa.

Familia moja yenye asili ya Voi ilimchukua mbwa jike kwenye makao ya wanyama mwishoni mwa vuli. Ni mbwa wa makamo, rangi yake kahawia iliyokolea, na watoto wakampa jina la Kahawa. Marekani makao ya namna hiyo hupokea mbwa karibu milioni 3 kila mwaka: waliopotea, waliotelekezwa, na wale ambao wenyewe walihamia nyumba zisizoruhusu wanyama. Kahawa alikuja na kamba yake, cheti cha chanjo na karatasi moja ya historia iliyojaa nafasi tupu.

Mchana hakuwa na shida. Usiku ndipo mambo yalipoanza. Familia ikishalala, kucha zilisikika zikikwaruza mlango. Baba alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akashuka naye ghorofa tatu, mbwa akachuchumaa, akatoa matone machache, wakapanda tena. Kabla usingizi haujamkolea vizuri, kucha zikarudi mlangoni.

Kwa msomaji wa Voi hadithi hii ina ugeni wake, na sababu inaeleweka. Mbwa wa nyumbani analala nje, analinda boma, na akibanwa na mkojo hahitaji ruhusa ya mtu. Minnesota hakuna njia hiyo. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi ya aina hiyo, upepo ukivuma, ngozi iliyo wazi huganda kwa dakika chache, na mbwa mwenye manyoya mafupi hawezi kuachwa nje alale. Anaishi ndani, na funguo za mlango anazo binadamu.

Hata safari fupi ya nje ina maandalizi yake. Mbwa wengi hawataki kukojoa juu ya theluji nzito, kwa hiyo watu huchukua beleshi na kusafisha kipande cha nyasi nyuma ya jengo. Chumvi inayomwagwa kwenye vijia ili kuyeyusha barafu huchoma nyayo za mbwa, na akizilamba humuumiza tumbo. Ndiyo maana karibu na mlango wa fleti ya familia hii kuna beseni dogo la maji ya vuguvugu na taulo kuukuu.

Kuna pia majirani. Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na katika ghorofa nyingi wanaishi Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa pwani yetu. Kwao mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Baba wa Kahawa hajaona haja ya kubishana na mtu. Lifti ikiwa na jirani, anasubiri inayofuata, na kamba anaishika kwa ufupi. Heshima hiyo imewaletea salamu nzuri asubuhi.

Januari saa za Minnesota ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Saa tisa za usiku huko ni saa sita mchana Voi, na ndiyo saa ambayo baba huyo alianza kumpigia mama yake simu, mbwa akiwa anatafuta pa kuchuchumaa.

"Mama, shikamoo. Niko nje na mbwa."

"Marahaba, mwanangu. Saa hizi? Huko si usiku?"

"Ni usiku, Mama. Anataka kukojoa."

"Alikojoa ulipopiga jana. Huyo mbwa ni mgonjwa."

Mama mzee, aliyefuga mbuzi maisha yake yote, alisema kwa simu jambo ambalo wengi waliokuwa karibu na mbwa hawakuliona. Ushauri uliotolewa ghorofani ulikuwa wa aina nyingine: mnyimeni maji kuanzia jioni, mfungieni kwenye kizimba, msimsikilize atanyamaza. Ushauri huo ni wa hatari. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo au kisukari hunywa sana kwa sababu mwili wake unapoteza maji mengi kupitia mkojo, na kumnyima maji kunaweza kumuangusha. Maji yapunguzwe tu pale daktari wa mifugo atakaposema hivyo.

Mbwa mzima mwenye afya huweza kujizuia usiku mzima, saa nane hivi. Akishindwa, la kwanza ni kuuliza mwili wake una nini. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida, hasa kwa majike, kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi. Yapo mawe ya kibofu. Kipo kisukari, yapo magonjwa ya figo, upo ugonjwa wa tezi za adrenali uitwao Cushing. Zipo pia dawa kama prednisoni, ambazo mbwa wengi hupewa kwa ajili ya mzio wa ngozi, na ambazo humfanya anywe na kukojoa kupita kiasi.

Kipimo cha kwanza mtu anaweza kukifanya jikoni kwake kwa jagi lenye alama. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hunywa lita moja hivi kwa siku. Akifikia lita 2, yaani mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, daktari anapaswa kujulishwa. Na ni muhimu kutazama jinsi anavyokojoa. Anayetoa mkojo mwingi kila mara ana tatizo tofauti na anayetoa matone. Anayeamka na kuomba mlango si sawa na anayelowanisha matandiko akiwa usingizini bila kujua. Huyo wa pili, hasa akiwa jike aliyefungwa uzazi, huenda misuli inayofunga kibofu imelegea, na dawa yake ipo.

Kahawa alikunywa maji ya kawaida na kutoa matone. Daktari wa mifugo akataka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kuupata ni kazi yenye ustadi wake: baba alitoka na upawa wa mchuzi uliooshwa vizuri na kukaushwa, akamfuata mbwa kwa nyuma bila kumshtua, na alipochuchumaa tu akautelezesha upawa chini yake, sentimita chache juu ya theluji. Vijiko vitatu vya mkojo vilitosha. Vikamiminwa kwenye kichupa na kufikishwa kliniki asubuhi ile ile, kwa sababu mkojo ukikaa hubadilika na majibu hupotosha.

Majibu yalionyesha bakteria na chembe za damu. Maambukizi ya kibofu yasiyo na matatizo mengine hutibiwa kwa antibiotiki kwa muda mfupi, siku 3 hadi 5 kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019, na dozi lazima imalizwe hata mbwa akionekana amepona.

Baada ya dawa zile safari za matone zilikoma, ila Kahawa aliendelea kuamka mara moja kabla ya alfajiri. Hapo ndipo mafunzo yalipopata nafasi. Wafanyakazi wa makao ya wanyama wana hesabu yao: siku 3 za hofu, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Chakula cha jioni kikasogezwa mapema, safari ya mwisho ikawekwa kabla tu ya kulala. Akiamka usiku anapelekwa mahali pale pale kwa kamba, bila mchezo wala taa nyingi, kisha anarudishwa kulala. Ajali ikitokea ndani, zulia linasafishwa kwa dawa yenye vimeng'enya inayovunja harufu ya mkojo. Kumchapa au kumsukumia pua kwenye mkojo humfundisha kujificha, na mbwa anayejificha dalili zake hazionekani mapema.

Ndugu msomaji uliye Minneapolis, Toronto au Manchester na unafikiria kuchukua mbwa, omba faili lake lote la matibabu siku hiyo hiyo, na ujue kwamba bima za wanyama kwa kawaida hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba. Nawe uliye Voi au Tanga, mbwa wako anayelala nje naye huugua kibofu, ila hakuna anayemwona. Mtazame akikojoa. Ukiona damu, mwite daktari wa mifugo. Na ukimwona dume anajikamua na hakuna kinachotoka, usingoje kesho: mrija ulioziba unaweza kumuua.