Sumaku ya Mtandio, Kibodi ya Ami na Moyo wa Bibi

Mfungo Mosi ukiingia tu, simu zetu hazilali. Harusi juu ya harusi, na kila bi harusi ana suali lake: singo ianze lini, hina iwe nyekundu tupu au ichanganywe na piko, shela ibanwe na kitu gani isiteleze kichwani. Kwa hili la mwisho, jawabu la wengi siku hizi ni pini za sumaku.

Na sisi tunazipenda, tusidanganyane. Hazitoboi shifoni, hazichomi kidevu, na zimetuondolea ile tabia ya kubana pini kwa meno huku mikono inapanga mtandio. Tabia ile si mchezo. Madaktari wa Misri na Uturuki wameandika mara nyingi juu ya wasichana walioivuta pini mpaka ndani ya pafu, kisa walicheka au walikohoa ilhali pini iko mdomoni. Kwa hiyo sumaku ilipokuja, tulisema alhamdulillah.

Lakini kwetu nyumbani sumaku hiyo hiyo ilileta jambo jengine.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa akianguka anguka, mapigo ya moyo yanakwenda pole kupita kiasi, mwisho akawekewa pesimeka. Ni kijisanduku kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake unaingia mpaka kwenye moyo ili kuukumbusha kupiga. Alirudi nyumbani na afya yake na kadi yake. Katika ile kadi lilimkaa jambo moja tu: ajiepushe na sumaku. Basi akajitungia sheria. Friji hafungui, kwani kasikia mlango wake una sumaku. Simu hashiki. Ramadhani ikaja, na yeye ambaye hatukumbuki mwaka aliokosa Tarawehe akabaki chumbani anaswali peke yake, kwa sababu safu nzima ya wanawake imejaa mitandio yenye sumaku. Wajukuu wakija kumbusu anawanyooshea mkono kwa mbali. Ilipotajwa harusi ya mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, akasema: "Dua nitamuombea, lakini mimi nitakaa mlangoni."

Maneno hayo yalituuma. Tulimwambia asiogope, hakutusikia, na kwa kweli wenyewe tulikuwa hatujui asiogope kwa sababu gani. Aliyetusaidia ni Ami yetu, na alitusaidia kwa kibodi mbovu.

Ami alisoma Umoja wa Kisovieti miaka ya 1980, na miongoni mwa vitu alivyorudi navyo ni kibodi ya kompyuta yenye herufi za Kirusi, nzito kama kinu. Imekaa juu ya kabati lake miaka yote hiyo. Hewa yetu ya bahari mnaijua: inakula mabati, inakula nondo, cherehani isipotiwa mafuta mwezi mmoja inaanza kulia. Vibodi vyetu vya dukani vinakufa mapema, herufi moja moja. Kibodi ya Ami kwa nje ina kutu mpaka kwenye skrubu. Akaifungua mbele yetu, akang'oa kitufe kimoja, akatuonesha kilichomo ndani.

Chini ya kila kitufe mna mrija wa kioo, unene wake kama njiti ya kiberiti, urefu kama punje tatu za mchele zilizopangwa. Ndani ya kioo mna vipande viwili vyembamba vya chuma kilichochanganywa na nikeli, bapa kama ulimi, ncha zao zimekaribiana lakini hazigusani. Ncha hizo hupakwa metali ghali, kama rodiamu, zisichakae. Mrija umezibwa huku na huku kwa moto, na mara nyingi hujazwa gesi kavu ya naitrojeni. Hakuna hewa inayoingia, wala chumvi. Ndiyo maana kutu iliyokula skrubu haikuzifikia zile ndimi.

Sasa, kitufe chenyewe kina sumaku ndogo. Ukikibonyeza, sumaku inashuka ubavuni mwa mrija, zile ndimi mbili zinapata nguvu ya sumaku, zinavutana, zinagusana, umeme unapita, na kompyuta inajua umeandika herufi gani. Ukiachia, springi inarudisha kitufe juu, sumaku inaondoka, ndimi zinaachana. Sumaku haikugusa kitu. Imefanya kazi yake nje ya kioo.

Warusi wanaiita gerkoni, kwa ufupisho wa maneno yao yenye maana ya mguso uliozibwa. Kwengine inaitwa swichi ya ridi. Aliyeibuni ni Mmarekani, Walter Ellwood, mwaka 1936, alipokuwa akifanya kazi Bell Telephone Laboratories, na ikaja kutumika sana katika mitambo ya kuunganishia simu. Miaka ya 1960 na 1970 ikaingia katika vibodi vya mashine za bei kubwa, na kwa Wasovieti ikaendelea katika miaka ya 1980. Kilichoiua katika vibodi ni gharama. Kila herufi inataka mrija wake na sumaku yake, na kila mrija lazima uunganishwe kwa uangalifu, kwani waya ukipindwa vibaya kioo kinapasuka. Karatasi za plastiki zinazotiwa chini ya vitufe zilikuja kwa bei ya chini mno, na watu wakachagua rahisi. Ami bado anasikitika. Sisi hatusikitiki sana, maana hatuna nguvu za kubeba kinu kwenye mkoba.

Tena swichi yenyewe haikufa. Ile kengele ya wezi inayolia mlango ukifunguliwa, mara nyingi ni mrija huu huu kwenye fremu na sumaku kwenye mlango. Kompyuta za kukunja nazo zinajua zimefungwa kwa sababu ya sumaku iliyomo kwenye kifuniko. Zamani zikitumia ridi, siku hizi zaidi ni chombo chengine cha kuhisi sumaku. Kwa hiyo wewe dada wa ofisini ambaye skrini inakuzimikia ovyo, kabla hujaita fundi vua kwanza bangili yenye kifungo cha sumaku.

Turudi kwa Bibi. Ami alimwendea na kibodi yake na mita ya kupimia umeme, ile inayolia umeme ukipata njia. Akaunganisha nyaya zake kwenye mrija mmoja. "Bi mkubwa," akamwambia, "wewe kaa huko huko mbali, tazama tu." Akatuomba pini ya sumaku. Akaisogeza polepole kuelekea kwenye kioo. Kimya. Akasogeza tena, kimya. Ilipobaki nafasi ya unene wa kidole, mita ikalia tiii. Akairudisha nyuma, ikanyamaza. Tukamwambia aweke kitambaa katikati, akakunja mtandio mara tatu, akajaribu upya: ikalia pale pale, kama kwamba mtandio haupo. Hilo lilitushitua hata sisi. Tulidhani nguo nyingi ni kinga.

Bibi akauliza, "Kwa hiyo chumbani kote humo haina kazi, mpaka ifike pale?"

"Mpaka ifike pale," Ami akasema. "Ikiondoka, mambo yanarudi yalivyokuwa."

Wapenzi, tuliwahi kusoma Surat Al-Hadid chuoni tangu wadogo, sura yenye jina la chuma, na hatukupata kukaa tukakiwazia chuma chenyewe kama tulivyokaa alasiri ile.

Ami alitueleza, na baadaye daktari wa Bibi akatuthibitishia, kwamba pesimeka nazo zina kihisio cha sumaku, na kimewekwa makusudi. Nyingi za zamani zilikuwa na mrija wa ridi wenyewe. Mpya zina vihisio vyengine vyenye kazi hiyo hiyo. Daktari akitaka kupima betri, au mgonjwa akiwa anafanyiwa operesheni, sumaku inawekwa juu ya kifua na kwa kawaida pesimeka inaacha kuusikiliza moyo, inapiga kwa mwendo mmoja tu. Sumaku ikiondolewa, inarudi kwenye kazi yake. Hatari ni sumaku isiyojulikana ikakaa hapo bila ya mtu kutambua. Na kuna kifaa chengine, kile cha kuushtua moyo unapopiga vibaya kwa kasi. Hicho sumaku ikikisogelea sana huacha kutoa ile shoti ya kuokoa maisha kwa muda wote sumaku ikiwa pale. Mwenye nacho awe mwangalifu zaidi.

Umbali wenyewe ni upi? Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri simu na saa zenye sumaku zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye vifaa hivi vya moyo. Usitumie kipimo cha mrija wa Ami, kile kilikuwa cha kufundishia tu, kila kihisio kina wepesi wake. Shika hizo 15. Bibi hakutaka rula. Akatandaza mkono wake kifuani, kidole gumba kwenye kovu na cha mwisho kikafika mbali, tukapima: shubiri yake inapita 15. "Basi shubiri," akasema.

Kwa kipimo hicho tukapitia maisha yake, kitu kimoja kimoja. Friji afungue, asiegemee mlango kwa kifua. Simu aweke sikio la upande wa pili, asiitie ndani ya sidiria (naam, tunawajua mama zetu). Msikitini, pini ya jirani iko kwenye kidevu cha jirani, na hata mkisimama bega kwa bega haifiki kifuani kwake. Ijumaa iliyofuata alikuwa ndani ya safu.

Kukumbatiana ndiko kwenye kazi. Mtu akikuegemea, pini yake inatua pale pale kwenye kovu. Ndipo tulipokaa na mpambaji wa harusi, dada mwelewa sana, aliyekuja na boksi zima la sumaku za lulu. Tulimueleza, akazifunga zote. Ushungi wa ndani ukashonwa kwa uzi kwenye kofia, nyuzi nane tu, na shela ikashikwa kwa vikwasi viwili utosini chini ya kilemba cha asumini. Mama zake wadogo na mawifi walioambiwa watamsogelea Bibi walibadilisha pini zao mapema, na hakuna aliyeona ni taabu. Jambo lililotaka subira ni kumshawishi Bibi ruhusa ya kuwaambia watu. Alikuwa anaona aibu watu wajue ana chombo mwilini. Alikubali alipoona kwamba bila ya kusema, kila mkumbato utakuwa na wasiwasi.

Ikiwa kwenu kuna mzee wa hivyo, ulizeni daktari wake kwanza, halafu mwambieni mpambaji mapema, si asubuhi ya harusi. Na kuna hili pia kwa wenye watoto: pini za sumaku zihesabuni jioni mnapovua. Mtoto akimeza moja na baadaye nyengine, zinaweza kuvutana ndani ya tumbo huku ukuta wa utumbo umebanwa katikati, na utumbo ukatoboka. Mpelekeni hospitali saa ile ile hata kama anacheza vizuri.

Siku ya harusi Bibi hakukaa mlangoni. Aliitwa, akapanda jukwaani kwa fimbo yake, akamshika bi harusi kichwa na kukilaza kifuani, upande ule ule wa kovu, akasoma dua ndefu mpaka mpiga picha akachoka kusimama. Alipomaliza alipapasa kidevu cha mjukuu wake, akapapasa na nyuma ya shela, akakuta kikwasi.

"Hiki cha nani?"

"Chako, Bibi. Tumekitoa kwenye kanga yako."

"Nirudishieni kesho."