Jibu Linakaa Wapi: Kutoka Barua ya Sanduku hadi Barua Pepe Sapiwi

Kujibu barua kulikuwa na kanuni zake katika kata ya Sapiwi, Bariadi, muda mrefu kabla ya kompyuta kufika huko. Barua ya kifamilia ya miaka ya 1980 ilifunguliwa kwa salamu ndefu, ikafuata hali ya afya ya mwandishi, kisha ikaja sentensi ambayo haikukosekana: barua yako ya tarehe fulani nimeipata, na yote uliyoandika nimeyaelewa. Baada ya hapo hoja zilijibiwa moja moja, kwa mpangilio uleule zilivyoulizwa. Kuhusu ng'ombe wa mahari, baba anasema wasubiri mavuno ya pamba. Kuhusu ada ya mdogo wako, nusu imelipwa. Kuhusu shangazi, ameshatoka hospitali. Kila aya ilianza na neno "kuhusu", na kwa neno hilo msomaji alikumbushwa swali lake mwenyewe kabla ya kupewa jibu.

Ukumbusho huo ulikuwa wa lazima. Barua haikuletwa mlangoni. Ilisubiri kwenye sanduku la posta mjini Bariadi, mara nyingi sanduku la shule, la parokia au la ofisi fulani, hadi mwalimu au mtu aliyekwenda mjini aipitie. Nyingine zilisafiri na basi kwa mkono wa jamaa, zikiwa zimeandikwa hivyo juu ya bahasha. Kati ya swali na jibu zilipita wiki, pengine miezi, na kijana aliyekuwa akifanya kazi Mwanza au Dar es Salaam asingeweza kukumbuka aliuliza nini. Zaidi ya hayo, barua nyingi zilisomwa kwa sauti. Mtoto wa darasa la sita aliketi katikati ya wazee akasoma, nao wakasikiliza, na msikilizaji hana karatasi ya kurudia nyuma. Bila ule utaratibu wa "kuhusu", nusu ya kikao ingekwenda kwenye kubishana ni jambo gani limejibiwa.

Sambamba na barua hiyo ilikuwepo ya pili, ya kiofisi, yenye adabu nyingine kabisa. Mtendaji wa kata, mwalimu mkuu na karani wa chama cha msingi cha pamba waliandika kwa mtindo wa serikali: Kumb. Na. upande wa juu, anwani, kisha YAH: kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Aya ya kwanza ilisema, "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani." Maneno ya barua iliyotangulia hayakunukuliwa, kwa sababu barua yenyewe ilikuwa masjala, ndani ya faili. Na ndani ya faili hilo karatasi mpya ilikaa juu ya za zamani. Ofisa aliyelifungua alikutana kwanza na jambo la leo. Aliyetaka chanzo alifunua kurasa kwenda chini. Hata Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi ikatoka Shinyanga, mafaili yaliendelea vilevile. Kilichobadilika ni jina la mkoa kwenye anwani, na sanduku halikusogea hata hatua moja.

Mapokeo hayo mawili yanafaa kukumbukwa kwa sababu barua pepe ilipokuja iliyakuta yote mawili, na programu zake zikalazimisha watu wote kuandika kwa mojawapo.

Barua pepe yenyewe ilizaliwa ikiwa na masjala ndani yake. Kanuni za muundo wake zilizochapishwa mwaka 1982 ziliruhusu kila ujumbe uwe na namba yake ya utambulisho, na ujumbe wa kujibu utaje namba ya ule unaojibiwa. Hiyo ni Kumb. Na. kamili, isipokuwa inaandikwa na mashine na msomaji haioni. Usenet, mtandao wa vikundi vya habari uliobuniwa na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1979, ulitumia utaratibu huo kupanga mijadala: swali, chini yake majibu, chini ya kila jibu majibu yake. Lakini ujumbe wa Usenet ulipita kompyuta moja baada ya nyingine, na ilitokea jibu likafika mahali kabla ya swali. Ndipo ikawa desturi kunukuu mistari michache ya aliyetangulia, kila mstari ukitanguliwa na alama ya >, na kuandika jibu chini yake. Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliziweka desturi hizo kwenye waraka unaojulikana kama RFC 1855. Waraka unataka anayejibu aweke kiasi cha maneno ya mwanzo kinachotosha kueleweka tu, kila mstari uwe na herufi chini ya 65, na sahihi ya mwisho isizidi mistari minne.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya kufuata adabu hiyo: gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za ukanda huu zilipita kwenye vituo vya FidoNet, ambavyo havikuwa hewani muda wote. Kituo kama kile cha NGONET jijini Nairobi kilikusanya barua za siku nzima, kisha simu ya kimataifa ikapigwa, barua zikabadilishwa na London kwa mkupuo mmoja, simu ikakatwa. Kila dakika ililipiwa. Mtu aliyerudisha kurasa tatu za mwenzake ili aongeze "asante" chini yake alikuwa anatumia fedha za wenyeji wake. Ufupi wa nukuu ulikuwa suala la bajeti kabla haujawa suala la ustaarabu.

Programu za enzi hizo zilisaidia. Pegasus Mail, iliyotungwa na David Harris wa New Zealand na kugawiwa bure tangu 1990, na Eudora ya Steve Dorner, iliyoanza 1988, zilimruhusu mtu kuandika barua zake zote bila laini ya simu, kisha kuzituma kwa pamoja. Zilinukuu kwa alama ya > na kumwachia mwandishi kazi ya kukata yasiyohitajika. Kwa vikundi vya habari kulikuwa na tin, slrn na Forté Agent, zilizopanga mjadala kwa matawi na kumwezesha msomaji kuwazima watu wanaochosha. Huduma hiyo ya mwisho magrupu ya leo yameipoteza, na ni hasara.

Mgeuko ulikuja na programu za ofisi. Outlook ya Microsoft, iliyoenea duniani kote kuanzia 1997, iliweka kishale cha kuandikia juu kabisa na kuacha ujumbe wote wa zamani chini, bila kukatwa, bila alama. Wazee wa Usenet walikasirika sana, na hasira yao ilikuwa na msingi: anayesoma huanza na jibu kabla ya kujua swali. Hata hivyo Outlook ilikuwa imefanya jambo ambalo karani yeyote wa masjala ya Bariadi angelitambua mara moja. Karatasi mpya juu, za zamani chini, hakuna kinachotupwa. Bosi aliyeingizwa kwenye mazungumzo siku ya tano aliteremka na kulisoma faili zima. Kwa ofisi ulikuwa uamuzi mzuri. Ubaya wake ni kwamba watu waliupeleka hadi kwenye barua za nyumbani, ambako hakuna bosi wa kuingizwa siku ya tano.

Wengi wa Simiyu hawakupitia hatua hizo. Waliingia moja kwa moja kwenye kafe za intaneti za Mwanza, miaka ya 2000, na "programu" yao ilikuwa ukurasa wa Yahoo au Hotmail. Muda ulinunuliwa. Mwenye busara aliandika barua yake kwanza kwenye karatasi, nje, akaingia kuinakili. Matokeo yake yalikuwa barua pepe zenye umbo la barua ya sanduku: salamu, afya, "barua yako nimeipata", kisha kuhusu hili na kuhusu lile, huku ukurasa wenyewe ukiburuta chini nakala nzima ya ujumbe uliojibiwa. Nukuu ilikuwepo mara mbili, moja ya mkono na moja ya mashine. Ile ya mkono ndiyo iliyosomwa.

Kisha Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti moja, wakati Hotmail ilitoa megabaiti 2 tu. Gmail ilikusanya mazungumzo pamoja na kuficha maneno ya zamani, ambayo sasa yako nyuma ya vidoti vitatu. Tangu hapo watu wengi wamejibu bila kujua kwamba chini ya jibu lao kuna mkia wa barua zote zilizotangulia. Hapo ndipo siri zinapovuja: ujumbe unatumwa kwa mtu wa tatu, naye anabonyeza vidoti vitatu na kukuta alivyosemwa wiki iliyopita.

Simu za mkononi ziliharakisha zaidi. Ujumbe mfupi wa herufi 160 ulifuta salamu ndefu. WhatsApp ikaleta magrupu: la ukoo, la wazazi wa shule, la wanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao. Kwa miaka kadhaa "sawa" na "hapana" zilielea humo bila mtu kujua zinajibu nini, hadi mwaka 2016 WhatsApp ilipoongeza uwezo wa kunukuu ujumbe mmoja na kuujibu. Ule mstari mdogo unaokaa juu ya jibu ni alama ya > ya Usenet, na ni "kuhusu" ya barua ya zamani. Watu wa umri mkubwa waliuelewa bila kufundishwa. Vijana ndio wanaopenda kujibu hewani.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye jambo dogo la kazi. Karani wa AMCOS anaulizwa mambo matatu kwa barua pepe kabla ya msimu wa kupanda: mbegu zimefika mifuko mingapi, kikao ni lini, nani atabeba mbegu hadi kitongojini. Anajibu juu kabisa: "Ndiyo, tumeshapanga, Jumanne." Muulizaji hajui kama Jumanne ni ya kikao au ya mbegu, na mifuko haikutajwa. Barua tatu zaidi zinafuata. Karani huyohuyo akijibu kwa mtindo wa zamani, barua moja inamaliza kazi:

> Mbegu zimefika mifuko mingapi?
Arobaini. Kumi zaidi inasubiriwa.

> Kikao ni lini?
Jumanne, saa nne asubuhi, shuleni.

> Nani atabeba mbegu hadi kitongojini?
Bado. Litaamuliwa kikaoni.

Swali la tatu halikupata jibu kamili, lakini limeonekana. Katika jibu la kwanza lilizama kimya kimya, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kujibu juu: mtu anajibu anachokumbuka, na asichokumbuka hakimsumbui.

Kwa hiyo kanuni inayofaa ni rahisi. Maswali mengi kutoka kwa mtu mmoja yajibiwe chini ya kila swali, na yaliyobaki yafutwe. Barua ya ofisi inayoweza kusomwa na mtu mwingine baadaye ijibiwe juu, faili lote likibaki chini, na aya ya kwanza itaje jambo linalojibiwa. Kichwa cha habari kibadilishwe mada inapobadilika; barua nyingi zenye kichwa "Salamu" zinazozungumzia mkopo wa trekta zimepotea kwa sababu hakuna aliyeweza kuzitafuta. Kitufe cha kujibu wote kiogopwe. Mtumishi wa umma atumie anwani yake ya serikali inayoishia na go.tz kwa kazi za serikali, kwa sababu barua iliyo kwenye akaunti binafsi huondoka na mtu anapohamishwa kituo.

Kuhusu programu, Gmail inatosha kwa wengi, mradi mtu azoee kubonyeza vidoti vitatu na kufuta mkia. Anayeandikiana sana na anayetaka kuchagua mahali pa jibu atafute Thunderbird kwa kompyuta: ni ya bure, hunukuu kwa utaratibu, na huweka kishale chini ya nukuu isipoambiwa vinginevyo. Kwenye simu ya Android ipo K-9 Mail, ambayo mwaka 2022 ilijiunga na Thunderbird. Inaweza kuagizwa ishushe sehemu tu ya barua kubwa, jambo la maana kwa anayehesabu bando au anayekaa mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Thunderbird husoma pia vikundi vya habari kwa yeyote anayevitaka bado. Google ilifunga mlango wake wa Usenet Februari 2024, ingawa maandiko ya zamani bado yanasomeka humo.

Limebaki jambo moja linalotangulia uchaguzi wowote wa programu. Vijana wengi wanaomaliza shule hupata anwani yao ya kwanza ya barua pepe kwenye steshenari, siku ya kuomba mkopo wa chuo au kujisajili kwenye mfumo wa ajira serikalini. Mhudumu ndiye anayefungua akaunti, anaweka namba yake mwenyewe na neno la siri analolijua yeye. Miezi michache baadaye taarifa ya usaili inatumwa, na mwenye jina hana njia ya kuifungua. Kijana wa Sapiwi anayekwenda Bariadi kwa shughuli hiyo aketi mwenyewe kwenye kiti, aweke namba yake ya simu, achague neno lake la siri na kuliandika kwenye daftari lake kabla hajalipa.